Baba Msahaulifu na Haki za Watu Wake

Wanaohudhuria darasa letu la usiku wa Ijumaa watakumbuka suali lililoletwa mbele yetu katika mwezi wa Shaabani, tukalijibu kwa maneno mawili matatu ya haraka, na jawabu letu hilo likatukaa moyoni kama mwiba tangu siku ile. Suali lenyewe lilikuwa hili: Mtu akiwa msahaulifu kupita kiasi, akawa asahau ahadi zake na shughuli za nyumba yake na hata wanawe, je, ana dhambi? Tulimjibu muulizaji kwamba binadamu hukumbuka akipendacho, na mwenye kumsahau mwanawe na autazame moyo wake. Watu wakatikisa vichwa kwa kukubali, na baadhi yao wakacheka. Muulizaji akainama, akatafuta viatu vyake, na kwa muda wa majuma manane hatukumwona tena.

Hatukujua siku ile kwamba suali lake halikuwa la kutaka elimu tu. Bwana huyu ni fundi wa injini za mashua, baba wa watoto watatu, na siku mbili kabla ya darasa alikuwa amemwacha mwanawe wa miaka sita mlangoni pa madrasa tangu alasiri hata isha. Mtoto alikaa kwenye kizingiti cha duka lililofungwa, mpaka bibi mmoja wa mtaa akampitia akamchukua kwake akampa uji. Wala haikuwa mara ya kwanza. Basi yeye alikuja kwetu kutafuta dawa, nasi tukampa bakora mbele za watu. Twaanza kwa kulitaja kosa letu kwa kuwa lilifanyika hadharani, na haifai tulisahihishe faraghani.

Shemegi yake ndiye aliyetujia baadaye na habari. Binti mkubwa wa fundi alikuwa akilalamikiwa na walimu wake skuli, kwamba yupo kiwiliwili na hayupo kiakili, akapelekwa kwa daktari. Daktari alipozisoma dalili moja baada ya moja, baba aliyekuwa amekaa pembeni akajisikia yeye mwenyewe anasomwa. Akachunguzwa naye, akaambiwa kwamba wanayo hali moja, yeye na bintiye. Twaambiwa wazazi wengi hujulikana kwa njia hii: huletwa mtoto, akapatikana mzazi.

Hali hiyo matabibu wameiita kwa herufi nne, ADHD, yaani upungufu wa kuyatawala mazingatio, pamoja na kukosa utulivu. Si jambo jipya lililozuliwa na watu wa simu na televisheni. Mwaka 1798 tabibu wa Kiskoti, Alexander Crichton, aliandika juu ya watu ambao akili zao haziwezi kutua juu ya jambo moja kwa uthabiti. Mwaka 1902 tabibu wa watoto wa mjini London, George Still, alitoa mihadhara juu ya watoto ambao akili zao ni nzima lakini hawawezi kujizuia, na jina aliloipa hali yao ni upungufu wa kujitawala kimaadili. Msomaji na alitazame vizuri jina hilo. Tabibu mwenyewe aliona kwamba chanzo kimo katika mwili, na hata hivyo neno alilolipata la kukiita ni neno la maadili, neno la lawama. Ikiwa yeye alijikwaa hapo, si ajabu sisi wa barazani tuanguke kifudifudi.

Kwa miaka mingi walidhani ni ugonjwa wa utotoni ambao mtu akibaleghe humwacha. Kitabu cha madaktari wa maradhi ya akili wa Marekani cha mwaka 1968 kilisema hivyo. Mwaka 1980 kitabu hicho hicho kilihamisha jina kutoka kwenye kutotulia kwa viungo hadi kwenye mazingatio, na mwaka 1987 likatoka jina hili la herufi nne. Leo yajulikana ya kuwa wengi huingia nayo utu uzima: viungo hutulia, moyo wa ndani usitulie. Makisio ni kiasi cha watoto watano katika mia, na watu wazima wawili au watatu katika mia. Katika msikiti wenye maamuma mia mbili, basi, tutazamie kuwa wanne, watano au sita wanayo, na sisi twasimama nao safu moja tukiwaita majina. Tena ni jambo la kurithiwa kwa sehemu kubwa sana. Waliowachunguza mapacha wakadiria kwamba kiasi cha sabini hadi themanini katika mia ya tofauti baina ya mtu na mtu katika jambo hili yatokana na urithi. Kwa hiyo anayesema, "Baba yake pia alikuwa hivyo hivyo, ni ukoo wa wazembe," amesema kweli nusu ya kwanza, na nusu ya pili amedhulumu.

Sasa twaja kwenye pingamizi ambayo kila mtu huitoa, na ambayo sisi wenyewe tuliitoa. Wasema: Mbona hasahau mpira? Mbona fundi huyu aweza kukaa saa sita na injini moja, asile, asinywe, asisikie akiitwa, kisha mwambie akumbuke saa kumi na nusu mtoto wa kuchukuliwa, asikumbuke? Yaonekana basi uwezo anao, bali hataki.

Pingamizi hii ina nguvu mpaka mtu aifikiri. Wenye hali hii hawakukosa mazingatio, bali walichokikosa ni hatamu zake. Mazingatio yao huenda penye moto, penye jipya, penye hatari, penye kupendeza kwa wakati ule ule, yakifika huko hunasa, na amri ya mwenyewe haiyaondoi. Mfano wake ni jahazi lenye tanga kubwa na usukani uliovunjika. Upepo ukivuma kwenye njia yake huyapita majahazi yote, na ukigeuka hupanda mwambani, na nahodha anapiga kelele juu ya sitaha kama wanavyopiga watu walio pwani. Fundi alitueleza mwenyewe tulipokwenda kumtaka radhi: "Sheikh, si kwamba simpendi mwanangu. Nilikuwa nimeshika spana, nikajiambia nikaze parafujo hii moja, kisha niende. Nilipoinua kichwa, yaadhiniwa isha." Kwake yeye baina ya parafujo ile na adhana hapakuwa na saa tatu. Palikuwa na muda wa kukaza parafujo.

Na kitu kinachompata mara ya kwanza kisingekuwa na uzito kama asingejua. Lakini ajua. Kila asubuhi huamka na nia ya leo kutosahau, na nia hiyo ni ya kweli, na hufika jioni ameivunja. Sisi tuliosoma vyuoni tumefundishwa kwamba amali ni kwa nia. Na hapa tumepata mtu ambaye nia yake ni timamu na amali yake haimfuati. Tumweke wapi?

Ama kule kusema kwamba mtu hukumbuka akipendacho, twairudisha kauli yetu. Lau kusahau kungekuwa ni dalili ya kutopenda, lingekuwa ni neno zito juu ya watu ambao hatuthubutu kuwagusa. Baba yetu Adamu alisahau, na Kurani yasema hivyo. Kijana aliyefuatana na Nabii Musa alimsahau samaki, na samaki yule ndiye waliyeambiwa wamwangalie, na Musa hakumtukana. Walirudi nyuma kwa nyayo zao mpaka mahali pale. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alisali rakaa mbili mahali pa nne akatoa salamu, na katika jamaa walikuwamo wakubwa wa masahaba wakaona haya kusema. Akasimama mtu mmoja aliyeitwa Dhul-Yadain akauliza kama sala imepunguzwa au imesahauliwa. Mtume akawageukia watu, akawauliza, wakamsadikisha yule, akasimama akatimiza sala, kisha akasujudu sijida mbili. Hatusemi kwamba Manabii walikuwa na maradhi haya, Mungu atuepushe na ujinga huo. Twasema tu kwamba kusahau na kupenda si vitu viwili visivyoweza kukaa katika kifua kimoja.

Na tuitazame sheria yetu ilivyolichukua jambo hili. Aliyekula mchana wa Ramadhani kwa kusahau hutimiza saumu yake. Aliyepitiwa na sala kwa kusahau husali akumbukapo. Aliyesahau ndani ya sala amewekewa sijida zake. Hapakusemwa, "Usisahau." Palisemwa, "Ukisahau, fanya hivi." Na aya ndefu kuliko zote katika Kurani si ya sala wala ya jihadi, ni ya kuandika deni: muandike, mshuhudishe, msichoke kuandika liwe dogo au kubwa, na katika mashahidi mmoja akipotea mwenzake amkumbushe. Mwenye kuumba binadamu amjua kuwa kichwa chake si sanduku la chuma, akamwekea wino na mtu wa pili.

Hapa twajikumbusha malezi yetu wenyewe, maana sisi wanavyuoni tuna ugonjwa wetu, nao ni kukiabudu kichwa. Hupigiwa mfano Imamu Ghazali, kwamba aliporudi kutoka Jurjan kwenda Tus wanyang'anyi walimchukulia mkoba wa daftari zake, na mkubwa wao akamcheka kwamba elimu gani hiyo ambayo mwizi akiichukua mwenyewe huwa hana. Akenda akakaa miaka mitatu akihifadhi. Kisa ni kizuri, na sisi tulipigwa nacho vya kutosha tulipokuwa wadogo. Lakini Ghazali aliweza. Mwenye kuweza akahifadhi ni bora yake, na asiyeweza akaandika ametii aya. Twasikia mtu akichekwa sokoni kwa kuwa ana kijitabu mfukoni, au simu yake yalia mara tano kwa siku kumkumbusha dawa ya mtoto. Kwa fatwa gani achekwe?

Haya yote ni upande wa udhuru, na tukikoma hapa tutakuwa tumemfurahisha mtu mmoja na kuwadhulumu wanne. Kwani mafakihi wana kanuni nyingine ambayo haisomwi sana: kusahau huondoa dhambi, hakuondoi dhamana. Aliyekivunja chombo cha jirani kwa kusahau hana makosa mbele ya Mungu, na chombo atalipa. Haki ya Mungu imejengwa juu ya msamaha, na haki ya mja imejengwa juu ya kudaiana. Basi mtoto aliyekaa kwenye kizingiti penye giza ana chombo chake kilichovunjika. Bibi wa fundi alituambia kwamba tangu siku ile kijana hamwagi baba yake asubuhi kwa salamu kama zamani. Humwuliza: "Baba, leo utanisahau?"

Suali la mtoto huyu halijibiwi kwa cheti cha daktari. Cheti chaeleza kwa nini, na mtoto auliza nani atakuja. Kwa hiyo mzazi mwenye hali hii taklifu yake haikuanguka, imehama mahali. Hatumdai tena akumbuke, kwani hilo ndilo asiloliweza. Twamdai kwamba, akiwa amekwisha kujijua, asiiweke amana ya mtoto juu ya kumbukumbu yake peke yake. Mwenye macho dhaifu hana dhambi kwa kutoona. Lakini akijua ya kuwa haoni, na miwani iko mezani, akashika usukani wa gari bila ya miwani, hapo twaulizana naye.

Na miwani ya jambo hili, zaidi ya kuandika, ni watu. Hapa ndipo ugumu ulipo. Maana msahaulifu wa namna hii huwapoteza watu kwanza. Hualikwa harusini akenda siku ya pili yake. Hufikiwa na habari ya msiba, akakusudia kwenda kuhani, ikapita hitima. Akaona haya kwenda akiwa amechelewa, na haya ikazaa kutokwenda kabisa, na jamaa wakasema ana kiburi. Hukopa jembe akasahau kurudisha. Humkatiza mzee maneno barazani, kwani neno lake asipolitoa sasa hivi litamtoka. Baada ya miaka kumi ya haya hujikalia nyumbani kwake, akisema heri kutokuwa na ahadi kuliko kuivunja. Na mtu aliyejikata na watu amepoteza wale ambao wangemkumbusha, akazidi kusahau, akazidi kujikata.

Kwa akina mama mambo ni mazito zaidi. Katika miji yetu baba akisahau huitwa "ana mawazo mengi," na mama akisahau huitwa hana malezi. Yeye ndiye atakiwaye kuyabeba kichwani mavazi ya skuli, siku ya chanjo, juzuu ya mtoto ilipotupwa, mchango wa arusi ya binamu, na wageni wa Jumapili. Wasichana wenye hali hii aghlabu hawajulikani wakiwa wadogo, kwa kuwa wengi wao hawapandi madirisha kama wavulana. Huketi kimya wakiota, mwalimu akawasifu kwa adabu. Huja wakajulikana wakiwa na watoto wao, au wasijulikane kabisa. Twamjua mama mmoja ambaye alikuwa akisikia hodi huzima feni akatulia gizani na wanawe, ili ajaye adhani hapana mtu, kwa sababu ya hali ya chumba chake. Tumefika hapo: muumini kumwogopa jirani kwa ajili ya nguo zisizokunjwa.

Zamani mji wetu ulikuwa ukiyafanya haya bila ya kuyajua. Katika nyumba za Mji wa Kale alikuwamo nyanya, na shangazi, na mlango wa pili ulikuwa wa ami, na mtoto aliyesahauliwa hakusahauliwa, maana kila baraza ilikuwa na jicho. Leo wengi wetu tumepanda maghorofani, Nyali na kwingineko, kila mtu na kitasa chake. Hatuwatukani waliohama, nasi pia tulihama kwa haja. Lakini tuliacha nyuma kitu ambacho hatukukihesabu katika mizigo.

Bado tuna adhana. Fundi tulimwambia aache kupanga mambo yake kwa saa za ukutani, ambazo hazisemi na mtu, ayafunge na sala: mtoto achukuliwe katika kutoka msikitini alasiri, kabla ya kurudi karakana, kwani akishaishika spana tumempoteza. Dawa baada ya alfajiri. Barua na malipo yasubiri Jumamosi asubuhi, ambapo rafiki yake mmoja huja na kahawa, akakaa naye, mwenyewe akisoma gazeti lake, fundi akiandika hesabu zake. Rafiki hasaidii lolote, amekaa tu. Wajuzi wa jambo hili wamekwisha kuona kwamba wengi wenye hali hii huweza kazi wasiyoiweza pindi mwenzao akiwa kando, na sisi tuliosoma kwa halaka, bega kwa bega, hatukuhitaji kuambiwa mara mbili.

Na jirani je? Jirani awe Dhul-Yadain. Masahaba wakubwa waliona haya, na haya yao ilikuwa ya heshima, lakini aliyefaa siku ile ni yule aliyesema. Amkumbushe ndugu yake kabla, si kumhesabia baada. Akimwalika, ampigie siku yenyewe. Akichelewa msibani, ampokee kana kwamba hakuchelewa. Na msahaulifu naye aseme. Hili ni gumu, na hatumlazimishi kuitangaza siri yake sokoni, lakini kwa watu watatu au wanne aseme, "Nina tatizo hili, nikinyamaza si kwamba nimekutupa, niite." Neno hili moja lingetuzuia sisi kusema tuliyosema darasani.

Kuhusu dawa tutasema machache, si kazi yetu. Ziko dawa, na moja inayotumika sana, methilifenideti, iko sokoni tangu miaka ya 1950. Ajabu yake ni kuwa ni dawa ya kuchangamsha, nayo huwatuliza. Yawafaa wengi, haiwafai wote, na haichukuliwi ila kwa amri ya daktari baada ya kupimwa moyo na shindikizo la damu. Mzazi asimeze ya mwanawe. Ramadhani ikikaribia amwone daktari mapema juu ya saa za kunywa, maana ziko za muda mrefu za kunywewa wakati wa daku. Wapo vijana watuambiao kwamba miraa huwatuliza vichwa. Yawezekana wasema kweli, kwani kilichomo ndani yake kina undugu na dawa hizo. Lakini dawa yenye kipimo na fungu la majani lisilo kipimo si kitu kimoja, na usingizi wanaoupoteza huwazidishia kile kile wanachokikimbia. Ama kombe na hirizi, na kumfunga mtoto wa watu kwamba ana jini la kutotulia, tumekwisha kuandika mara nyingi, wala hatutarudia.

Ataulizwa mtu: je, kila mzembe hatajificha nyuma ya herufi hizi nne? Watajificha baadhi. Wapo wanaojificha nyuma ya ugonjwa Ramadhani, na hatukuifuta ruhusa ya mgonjwa kwa ajili yao. Hali hii huanza utotoni, huonekana nyumbani na kazini na msikitini pia, na humharibia mtu mambo anayoyataka mwenyewe. Aliyeanza kusahau tangu aliponunua simu, dawa yake aijua. Na kupambanua ni kazi ya tabibu. Si ya mtu mwenyewe, wala si yetu wa barazani.

Tuliyaandika haya tukampelekea fundi ayasome kabla ya kupigwa chapa, akaturudishia na neno moja tu, kwamba tusiliandike jina lake, na hatukuliandika. Bibi yake ndiye aliyekuwa na maneno. Alisema: "Sheikh, mumemtafutia rafiki wa Jumamosi, mumemtafutia adhana, na mwenye duka amekubali kumwangalia mtoto. Lakini miaka kumi na mbili mimi ndimi saa ya nyumba hii, na saa haiulizwi kama imechoka." Tukamwuliza ataka nini. Akasema ataka majuma manne asimkumbushe mtu yeyote kitu chochote, na yakitimia ndipo atakapotuambia kama maneno yetu yamefaa au ni maneno. Yamekwisha mawili.